Mlango Ukifungwa, Njia Huhama: Biashara ya Watu Mpakani Petu, Jana na Leo

Mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa historia mbele ya wafanyabiashara wa soko, waendeshaji bodaboda, wazee wa mitaa na wazazi mjini Malaba, katika mkutano wa kuhamasisha umma kuhusu ulanguzi wa binadamu. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa Kaunti ya Busia ambao hawakuweza kufika.

Nimeombwa niseme juu ya biashara ya watumwa na ulanguzi wa binadamu wa siku hizi, na nimeambiwa nisipitishe nusu saa. Kumwambia mwalimu wa historia asipitishe nusu saa ni adhabu, lakini nitajaribu.

Nikiuliza hapa utumwa ulikuwa wapi, wengi mtaniambia Zanzibar, Bagamoyo, Mombasa. Mambo ya Pwani. Hata mimi nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema na ndivyo mtihani ulivyouliza. Lakini misafara kutoka Pwani ilifika mpaka Mumias, kwa Nabongo Shiundu na baadaye kwa mwanawe Mumia, kabla ya reli kufikiriwa. Joseph Thomson, yule msafiri Mskoti, alipopita Mumias mwaka 1883 akielekea ziwani, alikuwa akifuata njia ambayo wafanyabiashara wa Pwani walikwisha kuizoea. Walichokuja kutafuta hasa ni pembe za ndovu. Lakini bunduki zilizokuja na misafara ile ziliingia katika ugomvi wa majirani, na mateka wa ugomvi wakawa nao ni bidhaa. Ng'ambo ya pili, Busoga, watu walitekwa na majeshi ya Buganda, na wengine wakauzwa kwa wafanyabiashara waliozunguka upande wa magharibi wa ziwa.

Sisemi kwamba sisi tuliumia kama walivyoumia watu wa kando ya Ziwa Nyasa. La. Wale ndio waliojaza soko la Unguja. Ninachosema ni kwamba njia ilifika hapa. Hata Kiswahili hiki ninachosema nanyi kilifika huku kwa njia hiyo hiyo, katika midomo ya watu wa misafara.

Na mpaka wenyewe haukuwapo. Hadi mwaka 1902 mahali hapa tulipokaa palikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ukachorwa mstari, Mteso wa Tororo akawa Mganda na Mteso wa Amagoro akawa Mkenya. Msamia naye akagawanywa vivyo hivyo. Ndiyo maana mpaka wa Malaba na Busia hauwezi kuzungumzwa kama ukuta. Nusu yenu hapa mna shemeji ng'ambo.

Sasa nisikilizeni katika jambo moja, kwa sababu ndilo lililonileta.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Unguja likafungwa siku hiyo hiyo, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Mahali pa soko, pale Mkunazini, pakajengwa kanisa kuu la Anglikana, na linasimama hadi leo. Watoto wa shule tuliwafundisha kwamba hapo ndipo biashara ilipokwisha. Haikuisha. Wafanyabiashara wa Kilwa waliona bahari ina manowari za Waingereza, wakageuza njia. Wakaanza kuwatembeza watu kwa miguu, kufuata ufuo, kutoka Kilwa kwenda kaskazini kupita Pangani, wengine mpaka Lamu na kwingineko. Mwishoni mwa mwaka ule, ofisa mmoja wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitumwa kwenda kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipitishwa njia ile. Njia ya nchi kavu ilikuwa ndefu na mbaya kuliko ya jahazi. Walioshindwa kutembea waliachwa.

Mwaka 1876 Barghash akatoa amri nyingine ya kukataza misafara ya bara. Zanzibar yenyewe ilifuta hali ya utumwa kisheria mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907. Hesabuni: kutoka kufungwa kwa soko mpaka sheria ya kumwambia mtumwa wa Mombasa kwamba hana bwana, ni miaka 34. Na serikali ilipolipa fidia, ililipwa kwa mabwana. Watumwa hawakulipwa kitu.

Mlango mmoja ukifungwa, njia inahama. Inahamia mahali ambapo macho ni machache, na anayelipa gharama ya safari ndefu ni yule anayesafirishwa.

Tusogee mpaka mwaka 2016. Mwezi wa Januari mwaka huo, serikali ya Uganda ilipiga marufuku raia wake kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, kwa sababu ya malalamiko ya mateso. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini maajenti hawakufunga ofisi. Badala ya kuwapandishia wasichana ndege Entebbe, wakawapandisha basi. Wakavuka hapa Malaba, wakavuka Busia, wakaenda kupanda ndege Nairobi. Marufuku iliwekwa Kampala, njia ikatua mlangoni kwetu. Baadaye Uganda na Saudi Arabia walikubaliana na marufuku ikaondolewa, lakini njia ikishajulikana haisahauliki. Wenyeji wa magendo mnalijua hilo kuliko mimi.

Kuna na njia nyingine inayopita hapa, ya watoto. Kwa miaka kadhaa sasa imeripotiwa habari za wasichana kutoka Karamoja, hasa wilaya ya Napak, wanaopelekwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, kufanya kazi za nyumbani. Wengine hawajafika hata miaka 15. Anayewachukua mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni mtu wa kwao. Mama mtoto anakubali kwa sababu nyumbani kuna njaa, na anaambiwa mtoto atakula, atavaa, labda atasoma.

Mkisikia hivyo msiwalaani wazazi wale haraka. Katika njaa ya mwaka 1884, Wamijikenda kule Pwani waliweka watoto na ndugu zao rehani kwa watu waliokuwa na nafaka. Rehani, si kuuza. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha watarudi kuwakomboa. Wengine walikombolewa, wengine waligeuzwa watumwa moja kwa moja. Yule mzazi hakumuuza mtoto wake. Alimkopesha kwa mtu ambaye hakuwa na nia ya kurudisha. Picha ya mnyororo shingoni ni ya kweli, nimeiona kwenye vitabu kama mlivyoiona. Lakini imetupotosha kwa sababu tunaposubiri kuona mnyororo, hatuoni deni.

Hapo naomba niseme habari yangu mwenyewe. Mhusika amenipa ruhusa, mradi nisimtaje.

Miaka kumi na kitu iliyopita, nikiwa bado nafundisha, alikuja nyumbani kwangu mama mmoja na binti yake aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Msichana mzuri wa insha, mvivu wa hesabu. Kulikuwa na ajenti aliyempatia kazi nchi za Ghuba, na ajenti alitaka barua ya mwalimu kuthibitisha tabia njema. Niliandika. Niliandika vizuri sana, nikapiga muhuri, nikampa na shilingi mia tano za soda njiani. Sikuuliza ajenti anaitwa nani. Sikuuliza kama amesajiliwa. Nilifurahi kwamba mtoto wetu anapanda ndege.

Alipofika, pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza, simu siku ya pili. Alikuwa akilala saa nne, mara tano, kwa usiku. Mshahara ulikuwa chini ya ule alioahidiwa, na miezi mingine haukuja kabisa. Aliposema anataka kurudi, aliambiwa arudishe kwanza nauli ya ndege na ada za ajenti. Huku nyumbani, mama yake naye akapigiwa simu kuambiwa hivyo hivyo, akauza ng'ombe. Alirudi baada ya miaka miwili na mfuko mmoja wa plastiki na mkono wa kushoto usiokunjuka sawasawa. Nilipomuuliza mbona hakutafuta mtu wa kumwambia, akanijibu: "Mwalimu, ningemwambia nani, na wewe ndiye uliyeniandikia barua?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Watu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao wakati ule, husema: lakini alikubali mwenyewe. Alitia sahihi. Alipanda basi kwa miguu yake. Ndugu zangu, sheria ya Kenya imelijibu jambo hilo. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inasema kwamba kukubali kwa mwathiriwa si kinga kwa mlanguzi, ikiwa kukubali huko kulipatikana kwa udanganyifu, kwa vitisho, kwa kutumia vibaya mamlaka au unyonge wake. Na kama ni mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata udanganyifu hauhitaji kuthibitishwa. Kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea ili atumikishwe, basi kosa limetimia.

Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Sheria hiyo inamgusa pia mwenye nyumba anayekodisha chumba akijua watu wanafichwa humo, na anayezuia stakabadhi za mtu mwingine za kusafiria. Wenye lojing'i za hapa mjini nadhani mmenisikia. Na inasema jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mwathiriwa hashtakiwi kwa sababu ya kuwa nchini bila karatasi. Kwa hivyo ukimwona msichana wa kigeni anaogopa polisi, mwambie hilo kwanza.

Kenya ilifuata katika hilo makubaliano ya Umoja wa Mataifa yaliyopitishwa mwaka 2000. Uganda ilitunga ya kwake mwaka 2009. Maana yake, aliyetenda kosa hili hawezi kuvuka mto Malaba akawa mtu mwema.

Sasa nije kwenye magendo, kwa sababu nikikwepa mtasema mwalimu anaogopa.

Sisi ni watu wa njia za panya. Wazee hapa wanakumbuka kahawa ya mwaka 1976 na 1977, ilivyovushwa usiku kutoka Uganda, na nyumba za mabati zilizojengwa baada yake. Siwezi kusimama hapa nikamhukumu mama anayevuka na trei tatu za mayai ili alipe karo. Tena siku hizi mwananchi wa Kenya au Uganda anavuka kwa kitambulisho tu, na kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilifunguliwa rasmi na marais wetu wawili mwezi wa Februari mwaka 2018 ili watu wahudumiwe mara moja. Kuna hata utaratibu uliorahisishwa wa kulipisha mizigo midogo. Kwa hivyo jiulizeni: kama mtu mzima anaweza kupita mlangoni kwa kitambulisho chake, kwa nini anapitishwa kwenye majani saa tisa usiku? Anayepitishwa huko hana kitambulisho, au kitambulisho chake kiko mfukoni mwa mtu mwingine. Ya kwanza inaweza kuwa umaskini. Ya pili ndiyo inayoniogopesha.

Tofauti kati ya magendo ya kawaida na ulanguzi iko hapo. Aliyevushwa kimagendo akifika ng'ambo analipa na kwenda zake. Mwathiriwa wa ulanguzi akifika ng'ambo ndipo anapoanza kudaiwa.

Vijana wa bodaboda, nimewaweka mwisho kwa heshima. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani hapa, enzi za baiskeli, vijana wakibeba abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakiita "boda, boda". Dunia nzima inawaita kwa jina tulilolitoa sisi. Na ni ninyi mnaomwona abiria kabla afisa yeyote wa uhamiaji hajamwona. Mnajua nani analipia nauli ya nani. Kuna kijana mmoja hapa, hataki nimtaje naye, aliwahi kubeba mwanamke na msichana mdogo usiku. Mwanamke akasema ni mtoto wa kaka yake. Kijana, katika kupiga soga tu, akamuuliza mtoto kwa Kisamia: huyu ni senge wako wa nyumba gani? Mtoto hakuelewa hata swali. Hakuwa anajua lugha. Akasimamisha pikipiki kwenye taa za kituo cha mafuta, akasema tairi imepungua upepo, akapiga simu. Hakupigana na mtu, hakutukana mtu. Swali moja la ukoo, basi.

Wanaotafuta kazi nje, siwaambii msiende. Kuna watu wa kaunti hii wamejenga kwa pesa za Ghuba, na mimi nimekula harusi zao. Lakini mwaka 2021 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema Wakenya 89 walikuwa wamefariki nchini Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Katika mfumo wa kafala, mwajiri ndiye mdhamini wa kibali chako cha kuishi. Ukitoka nyumbani kwake bila ruhusa, wewe ndiwe unayetafutwa. Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi, nenda ukahakikishe kama ajenti yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Soma mkataba kabla ya siku ya safari, si uwanjani. Acha nakala ya pasipoti na anwani ya mwajiri kwa mtu wa nyumbani. Na ajenti anayekwambia upitie nchi ya tatu, muulize kwa nini.

Wenye digrii nanyi msijione mko salama. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu kazi za mauzo na kompyuta nchini Thailand. Vijana wetu waliosoma walipokelewa vizuri Bangkok, wakasafirishwa mpaka mpakani, wakavushwa mto usiku kuingia Myanmar. Huko wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti, na familia zikatakiwa pesa za kuwakomboa. Mtu wa Malaba anayesikia habari ya kuvushwa mto usiku anapaswa kuijua hadithi hiyo bila kuambiwa mwisho wake.

Kidogo kuhusu nani anafanya nini, maana najua watu wanachanganya. Uhamiaji, polisi na idara ya watoto ni za serikali ya kitaifa. Lakini soko ni la kaunti. Zahanati ni ya kaunti. Shule ya chekechea na chuo cha ufundi cha kijijini ni vya kaunti. Muuguzi anayemtibu msichana asiyejua yuko mji gani, na mwalimu wa chekechea anayemwona yaya wa miaka 12 akileta mtoto wa tajiri wake asubuhi huku yeye mwenyewe hasomi, hao ni wafanyakazi wa kaunti. Ningependa kaunti iwafundishe hao kabla ya kubandika bango lingine barabarani. Nimeshasema hivyo kwa wahusika, na nasema tena mbele yenu.

Nilipokuwa Mombasa kwa masomo, nilipelekwa kuona kengele ya Freretown, pale Kongowea, mahali wanapopaita Kengeleni. Freretown ilikuwa makao ya watumwa walioachiliwa, iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1870. Kengele ile ililizwa kuwaonya wakazi wakati wateka watumwa walipoonekana wakija. Watu waliokwisha kuachiliwa huru walihitaji kengele, kwa sababu sheria ya baharini haikuwafikia wakiwa shambani.

Ya kwetu ni nambari ya simu. Kwa mtoto, piga 116. Ni bure, na ukivuka Uganda nambari ya watoto ni hiyo hiyo 116, kwa hivyo hakuna udhuru wa kusema hukujua upige ya upande gani. Kwa ukatili wa kijinsia, 1195, nayo ni bure. Kwa hatari ya papo hapo, polisi ni 999. Hutaulizwa kuthibitisha kitu. Kazi ya kuthibitisha ni ya wengine.

Yule mwanafunzi wangu sasa ana duka la vitambaa, na ana mtoto wa darasa la nne. Anawasaidia wasichana wanaotaka kusafiri kusoma mikataba yao, jioni, bila malipo. Wakija kwangu kutaka barua ya tabia njema, nawaelekeza kwake kwanza. Akisema mkataba ni sawa, ndipo naandika.

Maafisa wa watoto wako chini ya ule mwembe na fomu zao. Wenye maswali ya faragha wawaone wao, si mimi. Vijana wa bodaboda watangulie, kwa sababu wana wateja wanaosubiri.